Fumbo la Hesabu na Fumbo la Lugha

Katika hesabu za shuleni kuna aina ya swali ambayo wanafunzi huiogopa kuliko nyingine zote. Si lile lenye namba na herufi zilizokwisha kupangwa, bali ni lile linalosimuliwa kwa maneno: mama ana umri mara tatu ya binti yake; kondakta ana noti kadhaa mfukoni; basi limeondoka mji huu na jingine limeondoka mji ule. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya nyuma tuliyaita mafumbo, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Nataka kuonyesha katika makala haya kwamba watoto wetu wa sekondari wanafumbiwa mara mbili, na kwamba fumbo la pili halipimi werevu wao hata kidogo.

Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza katika shule moja ya serikali hapa Dar es Salaam. Alimaliza elimu ya msingi kwa Kiswahili, kama walivyomaliza wenzake wengi. Jumamosi moja jioni alikuja nyumbani na daftari lake kwapani, kwa kuwa Jumatatu alikuwa na mtihani wa hisabati. Baada ya shikamoo na salamu za mama yake, alisema moja kwa moja: "Mjomba, milinganyo naiweza. Haya ya maneno ndiyo yananishinda."

Nilitaka kuhakikisha. Nikamwandikia milinganyo mitatu ya namba na herufi tupu, akaikokotoa yote bila kusita, na kila jibu alilirudisha katika mlinganyo ili kulihakiki. Aljebra alikuwa nayo. Ndipo tukafungua ukurasa wa mafumbo. La kwanza lilikuwa na maneno haya: "three less than twice a number", na jumla ya yote ni 11; itafutwe namba hiyo. Mpwa wangu aliandika 3 − 2x = 11. Nikafunika kitabu kwa kiganja, nikamwambia: "Chukua namba usiyoijua, izidishe kwa mbili, kisha utoe tatu. Umebaki na kumi na moja." Kabla sijamaliza alikwisha kuandika 2x − 3 = 11, na jibu lake lilikuwa 7.

Msomaji na atazame vizuri kilichotokea hapo. Binti huyu hakubahatisha. Aliyafuata maneno ya Kiingereza kwa mpangilio wake, kama mwanafunzi mtiifu anavyofundishwa kufuata: ameona tatu imetangulia, akaitanguliza, ameona kupungua, akaweka alama ya kutoa, ameona mara mbili ya namba, akamalizia na 2x. Lakini katika usemi ule Kiingereza hukitaja mwanzoni kitendo kinachofanyika mwishoni. Mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo ameusikia mpangilio huo mezani na dukani tangu hajaanza shule, na hata yeye huweza kuteleza. Wetu anakutana nao kwa mara ya kwanza ndani ya swali lenye alama.

Fumbo la pili lilihusu umri: mama ana umri mara tatu ya binti yake, na baada ya miaka 12 atakuwa na umri mara mbili ya binti huyo. Mpwa wangu alilisoma mara mbili, akainua uso na kuniuliza: "Mjomba, huyu binti naye ni mzee?" Nilitaka kucheka, nikajizuia, kwa sababu swali lake lilikuwa na mantiki kamili. Alifundishwa kwamba neno lile la Kiingereza maana yake ni uzee, na hapa linatumika kwa mtoto. Nilipomsimulia kwa Kiswahili, aliandika 3x + 12 = 2(x + 12), akapata kwamba binti ana miaka 12 na mama ana 36.

La tatu nilitunga mwenyewe. Kondakta wa daladala ana noti 30, baadhi za shilingi 1,000 na nyingine za shilingi 2,000, jumla yake shilingi 42,000. Je, ana noti ngapi za kila aina? Aliandika milinganyo miwili, akapata noti 18 za elfu moja na 12 za elfu mbili, kisha akazihesabu tena kwa vidole kama anayetarajia kudai chenji.

Lugha haikai pembeni ya hesabu ikisubiri hesabu imalizike. Aliye na shaka na ajaribu saa. Basi limeondoka saa 4 asubuhi na kufika saa 8 mchana. Kwa Kiswahili mtoto anatoa 4 katika 8, safari imechukua saa 4. Swali hilohilo kwa Kiingereza linamwambia basi limeondoka saa 10 na kufika saa 2, na ni lazima kwanza aivuke adhuhuri ndipo atoe. Saa za Kiingereza hazina kosa. Ila tusijidai kwamba mtoto aliyebadilishiwa lugha amebakiziwa swali lilelile.

Historia ya aljebra yenyewe ina funzo juu ya jambo hili. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, ndiye ambaye kitabu chake kilitoa neno aljebra. Kitabu hicho hakina x wala alama ya usawa. Kila kitu kimeelezwa kwa maneno, hata namba zenyewe. Kisichojulikana alikiita kwa neno la Kiarabu lenye maana ya kitu. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho inashughulikia mirathi na wasia: mtu amefariki, ameacha mke, watoto na deni, kila mmoja apate ngapi? Yaani aljebra ilianza ikiwa fumbo la maneno, katika lugha iliyotumika sokoni na mahakamani pale ilipoandikwa. Mzee wa pwani yetu anayegawa mirathi kwa mafungu ya sheria ya Kiislamu anafanya hesabu ya ukoo huohuo, na anaieleza familia kwa Kiswahili.

Alama zilikuja baadaye sana. Ile ya usawa ilitumiwa kwa mara ya kwanza na Robert Recorde katika kitabu alichokichapisha mwaka 1557. Wakati huo wasomi wa Ulaya waliandika kwa Kilatini, lakini Recorde aliandika hisabati kwa Kiingereza, lugha ya wafanyabiashara na mafundi wa nchi aliyokaa. Mazoea ya kutumia x kwa kisichojulikana tunayapata kwa Descartes, katika kazi aliyoitoa mwaka 1637 kwa Kifaransa. Kiingereza tunachokiona leo kuwa lugha ya asili ya hisabati kiliwahi kuwa lugha changa ambayo mtu alihitaji ujasiri kuiandikia kitabu cha hesabu.

Sisi tumelijua tatizo letu kwa muda mrefu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa ripoti mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walikuta kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia na kujifunzia katika ngazi zote, huku Kiingereza nacho kikiendelea. Sekondari zetu zimebaki zilivyokuwa.

Wakati huohuo Kiswahili kimepanda cheo kila mahali. Mwaka 2019 kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC. Mwaka 2021 sheria zetu zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na mwaka huohuo UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Leo mshtakiwa anaweza kujibu mashtaka kwa Kiswahili mbele ya jaji, lakini mtoto wa miaka 14 hawezi kuulizwa kwa Kiswahili umri wa mama na binti.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema Kiingereza ni lugha ya dunia. Ni kweli, na ndiyo sababu kinastahili kufundishwa vizuri, kama somo, na walimu wanaokimudu. Mtihani wa hisabati haumfundishi mtu Kiingereza. Unamwadhibu tu kwa kutokijua. Wa pili atasema hatuna istilahi. Lakini mwanafunzi wa darasa la saba anatumia mlinganyo, mzingo, kipenyo, asilimia na wastani pasipo tatizo. Istilahi hizo tunamnyang'anya anapovuka kwenda kidato cha kwanza, kisha tunamwambia hazipo.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi. Atasema hata katika shule za msingi, ambako hesabu zinafundishwa kwa Kiswahili, watoto wengi wanashindwa. Nakubali. Walimu ni wachache, madarasa yamejaa, vitabu havitoshi, na lugha peke yake haitayatatua hayo. Ila kuna tofauti moja ambayo mtumishi wa umma anayepanga bajeti anapaswa kuizingatia. Mtoto akishindwa hesabu za darasa la saba, tunajua ameshindwa hesabu. Akishindwa hesabu za kidato cha kwanza, hatujui ameshindwa nini. Je, tumpelekee mwalimu wa hisabati, au wa Kiingereza? Matokeo ya hisabati, ambayo kila mwaka hutuhuzunisha, yamechanganya vipimo viwili katika mizani moja, nasi tunayasoma kana kwamba kilichopimwa ni kimoja.

Shuleni kwenyewe kila mtu anaujua ukweli huu. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, kisha anageuka na kueleza kwa Kiswahili, kwa sababu anataka aeleweke. Anafanya hivyo kana kwamba anaiba, maana ukutani kuna kibao kinachokataza Kiswahili, na mwanafunzi anayekizungumza huadhibiwa. Mtoto anaelewa kwa lugha moja na kutahiniwa kwa nyingine. Daraja la kuziunganisha tumeiachia familia ilijenge.

Hapo ndipo ninapoona dhuluma. Msaada niliompa mpwa wangu jioni ile haukuwa wa hisabati. Ulikuwa wa tafsiri. Mwenye fedha huununua msaada huo tuisheni, au humpeleka mwanawe shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu awali. Mwenye mjomba mhadhiri huupata bure. Asiye na fedha wala mjomba wa namna hiyo hubaki na kitabu chake, akiamini kwamba yeye hana akili ya hesabu. Imani hiyo huanza katika kidato cha kwanza na humfuata mtu hadi utu uzima. Nimekutana nayo chuoni, kwa vijana wenye fikra kali kabisa wanaoniambia kwa utulivu kwamba wao na hisabati waliachana zamani.

Kabla hajaondoka, mpwa wangu aliomba karatasi. Aliigawa katikati kwa mstari, upande mmoja akaandika misemo ya Kiingereza iliyomsumbua, upande wa pili maana zake kwa Kiswahili. Nilipomwambia kwamba sasa anaijua hiyo, haihitaji, alijibu: "Si yangu, mjomba. Ya wenzangu wa dawati letu." Mtoto wa kidato cha kwanza alikuwa amefanya kwa dakika kumi kazi ambayo vyombo vyetu vimeijadili kwa zaidi ya miaka 40.

Karatasi ile imenipa wazo ambalo halihitaji kusubiri tume nyingine. Maswali ya hisabati yachapishwe kwa lugha mbili katika karatasi moja, Kiingereza na Kiswahili sambamba, na mwanafunzi aruhusiwe kujibu kwa yoyote. Afrika Kusini mitihani ya kumaliza sekondari hutolewa kwa Kiingereza na pia kwa Kiafrikana, na hakuna anayesema kwamba wanaosoma kwa Kiafrikana wametengwa na dunia. Kiswahili kina wazungumzaji wengi kuliko Kiafrikana, kina kamusi, kina baraza la taifa tangu mwaka 1967. Kazi ya kutafsiri maswali ya mtihani mmoja haizidi uwezo wa wizara yenye wataalamu wa lugha zote mbili.

Wanafunzi walidai jambo hili kwa sauti zao wenyewe. Wanaharakati walihesabu miongoni mwa haki za mtoto, kwa kuwa haki ya kupata elimu haijatimia pale mtoto asipoelewa anachoulizwa. Na watumishi wa umma, ambao huandika dokezo kwa Kiingereza na kulijadili kwa Kiswahili, wanaujua mzigo huu kuliko wanavyokubali hadharani. Tukiuondoa, bado kutakuwa na watakaoshindwa mtihani wa hisabati. Lakini tutakuwa na hakika kwamba ni hisabati iliyowashinda, na tutajua tuanzie wapi kuwasaidia.