Neno "Kukwama"

Neno letu leo ni kukwama. Unalijua. Wakati wa mvua lori la tumbaku linaingia katika udongo mweusi wa mbugani. Magurudumu yanazunguka, lakini gari haliendi mbele wala halirudi nyuma. Limekwama. Hali hiyo ni mkwamo. Wakija watu kulisukuma likatoka, wamelikwamua.

Mtu asiye na nauli naye husema, "Nimekwama." Huyo hagombani na mtu, ana shida tu. Lakini wakigombana wawili, na kila mmoja ana nguvu ya kumzuia mwenzake, mkwamo huwa mzito.

Hapa kwetu Tabora jambo hilo lilitokea zamani. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alifunga njia ya misafara iendayo Ujiji. Waarabu wa Unyanyembe wakaenda kumpiga, wakashindwa. Mwezi wa Agosti Mirambo akaivamia Tabora yenyewe, akachoma nyumba nyingi. Hata hivyo hakuwaondoa. Vita vikaendelea kwa miaka. Stanley, mwandishi wa gazeti, alikuwa Kwihara, karibu na mji, naye alitaka kufika Ujiji kumtafuta Livingstone. Mwezi wa Septemba akazunguka kwa njia ya kusini, akafika. Yeye alipita, lakini waliogombana aliwaacha palepale.

Mimi ni Bwana Shamba. Mwaka mmoja nilipelekwa kijijini kwa ajili ya ugomvi. Mzee mmoja alilima mahindi mpaka kwenye njia ya ng'ombe iendayo lamboni. Jirani yake mfugaji alitaka njia. Vikao vitatu vilipita bure. Nikaandika katika taarifa yangu: "Mzee amekataa." Kwa taarifa hiyo angetozwa faini, pengine angenyang'anywa shamba.

Kwa bahati nilimsomea kabla ya kuipeleka. Akanitazama kwa muda.

"Mwanangu, mimi sikukataa. Nilisema wapite pembeni, mwenzangu akasema pembeni kuna mawe. Tumekwama. Umeniandika peke yangu, na tuko wawili."

Niliona haya. Kalamu ilikuwa yangu, na yeye alikuwa hajui kusoma. Nikafuta, nikaandika, "Wamekwama."

Halmashauri ya kijiji haikutoza faini. Ilituma wazee wanne na kamba, wakapime njia na kuyatazama hayo mawe.