Matundu Ukutani

Niliondoka Tanga mwaka 1998 na marobota mawili ya ukili, nikiamini kwamba shahada ya uzamili ya sanaa ni kusuka, kuchonga na kupaka rangi mpaka walimu waseme inatosha. Chuoni, huko katikati ya Marekani, nikakabidhiwa orodha: krediti 60, miaka mitatu, uhakiki wa kazi kila muhula, historia ya sanaa, maonyesho ya kuhitimu, tasnifu ya kuyaeleza maonyesho hayo, kuitetea mbele ya kamati, na slaidi 20 za kuweka maktabani.

Mama aliponiuliza kwa simu mtihani wenyewe ni upi, nikamwambia ni kutundika majamvi ukutani.

"Jamvi hutandikwa, mwanangu," akasema. Akacheka mpaka kadi yangu ya simu ikaisha.

Uhakiki ndio ulionitoa jasho. Unasimama kimya kando ya kazi yako, watu wanaijadili kana kwamba umeshazikwa. Mwalimu mmoja alirudia swali lile lile muhula baada ya muhula: hii ni sanaa au ni kazi ya mikono tu? (Hadi leo sijaelewa hiyo "tu".) Jibu nililipata maktabani. Mwaka 1940 Elizabeth Catlett alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupata shahada hii Chuo Kikuu cha Iowa, kwa sanamu ya jiwe la chokaa ya mama na mtoto. Mwalimu wake, mchoraji Grant Wood, alimsihi afanye kile anachokijua kuliko vyote. Mimi nilijua majamvi. Shahada yenyewe ilikuja kutambuliwa rasmi kuwa ya mwisho kwa msanii mwaka 1977, na College Art Association, chama cha wasanii na wanahistoria wa sanaa cha Marekani.

Kamati ilinipitisha kwa saa moja na nusu. Tasnifu ilichukua wiki mbili, nayo si kwa hoja zake. Karani wa kuipokea alikuwa na rula. Pambizo ya kushoto inchi moja na nusu, karatasi ya pamba isiyo na asidi. Nilirudishwa mara tatu. Na hata hapo sikuwa nimemaliza, maana fomu ya mwisho ilitaka saini ya msimamizi wa ukumbi wa maonyesho. Majamvi yangu yalikuwa mazito, yakaacha matundu 46 ukutani. Nikayaziba, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeupe mara mbili. Msimamizi akapitisha kiganja ukutani, akatia saini.

Kati ya masharti yale, slaidi zilikuwa za kwanza kuondoka. Kodak yenyewe iliacha kutengeneza projekta zake za slaidi mwaka 2004. Rula nayo ikastaafu, tasnifu zikawa faili za kutuma kwa kompyuta. Nilishangilia kila badiliko.

Mwaka 2020 mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa akimalizia shahada kama hiyo huko huko Marekani. Korona ikafunga kumbi, maonyesho yake yakahamia kwenye tovuti, kamati ikamhoji kupitia skrini. Alinipigia siku alipopita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, hongera! Umemaliza?"

"Wanasema nimemaliza." Akanyamaza kidogo. "Lakini mwalimu, hawajanidai hata tundu moja."