Nani Ameyaandika Maneno ya Binti Huyu?

Hapa Los Angeles kuna shirika liitwalo WriteGirl, lililoanzishwa na Keren Taylor mwaka 2001. Kazi yake ni kumkutanisha msichana wa sekondari na mwandishi mwanamke, waandike pamoja. Msichana huja na daftari lake, anaandika kuhusu mama yake, ngozi yake, mtaa wake, hasira zake, na baadaye husimama mbele ya watu akasoma alichoandika mwenyewe. Amanda Gorman alipitia humo akiwa kijana. Utotoni alitaabika kutamka herufi R, lakini tarehe 20 Januari 2021, akiwa na miaka 22, aliwasomea Wamarekani shairi lake siku ya kuapishwa kwa Rais Joe Biden.

Nikiwaona wasichana wa hapa wakisoma, huwakumbuka wenzangu wa tamasha la drama Kenya. Jukwaani, sisi tuliwashinda kwa mbali. Tulifanya mazoezi mpaka jua linatua, tukajifunza kupumua kutoka tumboni, kupaza sauti bila kupiga kelele, kuigiza uchungu hadi waliokaa nyuma kabisa wakanyamaza. Msichana mwoga alitoka pale akitembea kifua mbele. Lakini maneno tuliletewa. Mwalimu alikuja na mchezo uliokwisha kuchapwa, mara nyingi kazi ya mtunzi aliyelipwa, nasi tukaukariri. Niliijua kila sentensi ya mhusika wangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ningesema nini.

Binti kuletewa maneno si jambo la jana. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mnamo 1858, alimtungia bintiye, Mwana Hashima. Mama anausia, binti anasikiliza. Kwenye unyago pia somo hufunza, mwari hupokea. Nauheshimu sana urithi huo, maana msichana aliyeingia ukubwani akiwa ameshikwa mkono na wanawake wa kwao hakupotea. Hata hivyo jibu la Mwana Hashima ningelipenda kulisoma.

Mwezi Aprili 2025, kwenye tamasha hilohilo la drama Kenya, wasichana wa shule ya Butere walikwenda Nakuru na mchezo wa Echoes of War, kazi ya aliyekuwa seneta Cleophas Malala. Mchezo ulikuwa umeondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu ikaamuru uruhusiwe. Jioni ya kuamkia siku ya onyesho mtunzi alikamatwa, na siku yenyewe polisi walijaa, mabomu ya machozi yakarushwa. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Nchi nzima ilibishana kuhusu Malala na serikali. Mimi nimebaki na wale wasichana. Kuimba na kuondoka hakukuwa kwenye mchezo wa mtu yeyote, na ndiko kulikosema zaidi.

Huku ughaibuni nako kuna upungufu, na nauona kwa mabinti wa jamaa zetu. Wanaandika vizuri, wanajijua, lakini wanabeba mambo yao peke yao. Msichana husoma shairi zito kuhusu nyumbani kwao, watu humpigia makofi, kisha kila mtu huenda kwenye gari lake. Hakuna kundi la kurudi nalo bwenini usiku na kuulizana, sasa tufanye nini?

Swali hilo lilikwisha kupata watu wa kulishughulikia, Tanzania. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme kwenye shule za sekondari. Wasichana wenyewe hutaja yanayowasumbua, kama vile mwalimu anayewataka kimapenzi au kazi za nyumbani zinazomeza muda wa kusoma. Huchambua chanzo, hutunga igizo, huonyesha mbele ya shule, walimu wakiwemo, kisha hujadiliana nao hatua za kuchukua. FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, ililichukua jambo hili na kulipeleka katika nchi nyingine za Afrika. Humo kuna kalamu mkononi mwa binti, na kuna wenzake pembeni yake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa drama nyumbani: msimu ujao, kabla ya kumtafuta mtunzi, wapeni wasichana madaftari na wiki mbili. Waacheni waandike kwa Kiswahili, Kiluhya, Sheng, vyovyote wanavyowaza. Mtunzi aje baada ya hapo, ayasome waliyoandika, aketi nao kupanga matukio, na majina yao yatangulie lake kwenye karatasi ya mashindano.