Pengo Dogo, Pengo Kubwa

Jino la kuvishwa halihukumiwi kwa kung'aa. Najua wengi mtabisha, maana hapa mjini mtu akishavishwa jino la dhahabu hucheka barabarani hata pasipo la kuchekesha. Lakini mimi niliyemaliza kidato cha nne, ambaye sasa ninabeba maboksi ya plasta kwenye karakana ya fundi wa meno huku riwaya yangu ikisubiri kumalizika, nimeona kwamba uhai wa jino hilo uko chini, kwenye ukingo, pale kofia inapokutana na jino lenyewe karibu na ufizi. Hapo hakuna anayepatazama.

Kazi yenyewe iko hivi. Daktari hulichonga jino, huchukua chapa yake, na chapa huletwa kwetu. Fundi humimina plasta apate nakala ya jino, huifinyangia kofia ya nta, kisha nta huyeyushwa na mahali pake humiminwa madini. Nta hunywea, madini yakipoa husinyaa. Kila hatua inaiba kidogo. Tena kofia isibane mno, kwani ndani lazima ibaki nafasi ya gundi. Ikibana haishuki mpaka chini. Basi fundi huipaka nakala rangi nyembamba ili kuacha nafasi hiyo, ila huishia kama milimita 1 kabla ya ukingo. Ukingoni hataki nafasi.

Sasa, pengo la kiasi gani linavumilika? Mwaka 1971 McLean na von Fraunhofer, huko Uingereza, baada ya kuchunguza kazi za namna hii zaidi ya 1,000 kwa miaka 5, walisema lisizidi mikromita 120. Mikromita 1,000 ndizo milimita 1, kwa hiyo 120 ni kama unene wa karatasi.

"Mzee, karatasi ni nini bwana!" nilimwambia fundi.

Akacheka. "Bwana mdogo, bakteria mmoja ana kama mikromita 1. Kwako karatasi, kwake geti. Mia wanapita bega kwa bega."

Akaniambia 120 si ruhusa, ni mpaka wa mwisho. Yeye hulenga chini yake. Gundi iliyo wazi huliwa na mate, uchafu huingia, jino huoza gizani chini ya kofia inayong'aa.

Shangazi yangu aliuza cherehani ili avishwe jino. Daktari wake simtaji. Alipewa kioo, akajiona, akafurahi. Miezi ikapita. Akipiga mswaki, ufizi unatoka damu. Mdomo ukaanza kunuka, akawa anaongea amejiziba kwa pindo la khanga. Kofia ilipotolewa, jino lilikuwa limekwisha kuoza, likang'olewa. Pengo lisiloonekana likazaa pengo linaloonekana.

"Mwanangu," aliniuliza, "mbona kioo nilipewa nione rangi tu?"

Swali hilo linanikera hadi leo. Katika riwaya yangu yumo tajiri mwenye jino la dhahabu. Nimempa na ufizi unaovuja damu.

Kioo hakiwezi kuuonyesha ukingo. Daktari huupapasa kwa kijichuma chenye ncha kali, asikie kama kinakwama. Picha ya eksirei humwonyesha pande zinazopakana na meno mengine. Uzi wa kusafishia meno ukipita hapo usichanike. Na ukingo hukaguliwa kabla ya gundi. Gundi ikishakauka, mjadala umefungwa.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, siku ukivishwa jino, kiache kioo kwanza. Sema, "Daktari, naomba uniangalizie ukingo." Hata akinuna. Yeye atanuna dakika moja, wewe utatafuna nalo miaka.