Wasia wa Muuza Ulevi

Leo naomba unifuate mbali na pwani yetu, hadi Uingereza, katika mji wa soko uitwao Grantham. Nina haja yangu huko, nayo utaiona.

Mji huo uko katika njia kuu ya zamani iliyotoka London kwenda York na Uskochi, yapata maili 110 kutoka London. Hapo pana nyumba ya wageni ya mawe, kongwe mno, iliyoitwa Angel, yaani Malaika. Inasimuliwa kuwa ardhi yake ilikuwa ya wale wapiganaji wa Kikristo waitwao Templar, waliopigana na Waislamu huko Sham, na kuwa Mfalme John aliweka baraza lake hapo mwaka 1213. Juu ya mlango amechongwa malaika ameshika taji. Malaika juu, ulevi chini! Lakini tusiwacheke upesi.

Magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi yalipita chini ya tao la mlango ule hadi uani. Farasi waliochoka wakifunguliwa, wakifungwa wengine, na abiria wakila upesi upesi na kunywa. Mwaka 1850 reli ilifika Grantham, na kazi ya magari ya farasi ikafa. Mwaka 1866 alikuja mrithi wa ufalme, jina likaongezwa Royal, yaani ya Kifalme. Hayo hayanishughulishi sana.

Linalonishughulisha ni mtu mmoja, Michael Solomon, aliyekuwa mwenye nyumba ile na akafa mwaka 1706. Katika wasia wake aliacha shilingi 40, ambazo ni pauni 2 kwa hesabu yao ya zamani, zitolewe kila mwaka kwa ajili ya kutolewa mawaidha kanisani. Mawaidha ya nini? Ya kukataza ulevi! Zaidi ya miaka 200 baadaye, mawaidha hayo yalikuwa yangali yakitolewa.

Niliposoma khabari hii nilicheka. Auzaye ni yeye, na akatazaye ni yeye. Kisha kicheko kikanikatika, kwani nilimkumbuka mtu wangu.

Huyo nilimsomesha Juzuu Amma tangu mdogo. Alipokua akajenga nyumba ya wageni, na chini yake akaweka ukumbi wa ulevi kwa ajili ya watalii. Siku moja, baada ya Alasiri, alinijia madrasani na bahasha. Bati letu lilikuwa likivuja, na mvua ikinyesha watoto hukunja mikeka wakasimama. Nilimrudishia bahasha yake mbele za watu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, basi nizifanyeje?" Nikamjibu, "Kawaulize walevi wako." Watu wakacheka. Hakurudi tena.

Kuikataa pesa ile sijuti, kwa vile biashara yake ilikuwa ikiendelea, na Mtume (S.A.W.) amemlaani muuza ulevi kama alivyomlaani mnywaji. Ninalojutia ni jawabu. Swali lake lilikuwa la kifiqhi, nalo lina jawabu lake vitabuni: aiache kwanza biashara ile, atubie, kisha mali iliyobaki mkononi aitoe katika maslaha ya watu, si kwa kutaraji thawabu za sadaka bali kwa kujitoa nayo. Wanavyuoni wengi wamesema hivyo, na mimi nayasomesha hayo kila mwaka. Wewe msomaji, mwalimu akiulizwa jambo analolijua akajibu kwa mzaha ili achekeshe baraza, amesomesha nini?

Bati lilipata watu wengine wa kulitengeneza. Ukumbi ule ungalipo. Yeye huniamkia kwa mbali, "Shikamoo mwalimu," akageuka.

Ijumaa hii, baada ya Sala, nimekusudia kwenda kwake. Nitamwita nje, nisiingie ndani, nimjibu.