Bulengera: Flashi moja yaokoa karatasi za mwalimu mhami

Katika komini ya Bulengera, mjini Butembo, wahami wa vita wanaofika kwa fundi wa laptopu huleta karibu wote ombi moja: mashine haiwaki tena, na ndani yake kuna vitu ambavyo havipatikani pengine. Fundi huyo ni kijana bado. Ana bisibisi, betri inayochajiwa kwa paneli ya jua, na flashi ya giga 8 aliyoifunga kamba nyekundu isije ikapotea. Flashi hiyo ndiyo inayomlisha.

Mmoja wa waliofika kwake ni mwalimu wa shule ya msingi aliyekimbia upande wa Kanyabayonga, mji ulioingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024. Alitoka na watoto, godoro na mfuko wa laptopu. Karatasi zote zilibaki nyumbani. Lakini ndani ya laptopu alikuwa na pointi za wanafunzi wake wa miaka mitatu, na picha za vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake wanne. Siku moja akaiwasha, ikaleta maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, ikasimama hapo.

Kwanza aliambiwa mahali pengine kwamba dawa ni kufuta yote na kuweka Windows upya. Akarudisha laptopu mfukoni. Kwa mtu aliyekwisha kupoteza nyumba na shamba, neno "kufuta" ni zito.

Kijana wa Bulengera alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Papa Mwalimu, tusifute kwanza. Mara nyingi kinachokufa ni Windows tu. Diski inaweza kuwa mzima, na vitu vyako vingali ndani."

Maana yake ni hii. Kompyuta inapowashwa, inatafuta mfumo wa kuiendesha. Kwa kawaida inaukuta kwenye diski yake ya ndani. Ukiwa umeharibika, mashine inakwama. Lakini kompyuta inaweza kuagizwa itafute mfumo huo kwenye flashi. Ndipo inawaka kwa nguvu ya flashi, bila kugusa diski, na mwenyewe anafungua mafaili yake na kuyahamishia mahali pengine.

Flashi ya namna hiyo haitengenezwi kwa kunakili faili peke yake. Wengi hukosea hapo: wanaburuta faili ya ISO hadi kwenye flashi, kisha wanashangaa mashine haiioni. Inahitajika programu ya kuiandika. Kwenye Windows, kijana anatumia Rufus, programu ndogo ya bure. Anachomeka flashi, anachagua jina lake kwa uangalifu, anachagua faili ya ISO, anabonyeza kuanza, anangoja. Kila kilichokuwa kwenye flashi kinafutika, kwa hiyo anauliza mara mbili kabla ya kubonyeza. Umeme ukikatika katikati, anaanza upya.

Kisha anaizima laptopu mbovu, anachomeka flashi, anawasha huku akigonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP nyingi ni F9. Orodha ikitokea, anachagua flashi.

Laptopu ya mwalimu iliwaka hivyo. Mfumo uliokuwa kwenye flashi ni Linux Mint, unaotolewa bure, uliojengwa juu ya Ubuntu. Jina hilo la Ubuntu latoka Afrika Kusini, na maana yake ni utu; Mnande anayesema "omundu" kwa mtu hahitaji kufafanuliwa sana. Mwalimu alisogeza kiti. Folda zikafunguka moja moja. Pointi za wanafunzi zilikuwepo. Vyeti vitatu vya watoto vilifunguka vizuri. Cha nne kilikuwa kimeharibika. Alikitazama kimya, kisha akasema: "Vitatu si haba, mwanangu. Cha nne tutakiomba upya."

Mafaili yalipokwisha kunakiliwa kwenye flashi nyingine, ndipo likaja swali la kuweka mfumo mpya. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai memori ya giga 4, diski ya giga 64 na kifaa cha usalama ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Linux Mint inatosheka na memori ya giga 2 na diski ya giga 20. Mwalimu alichagua Mint, kwa kuwa anachohitaji ni kuandika, kupiga hesabu za pointi na kuchapisha. Bei ya kifurushi cha intaneti nayo ina neno lake: faili ya Mint ni karibu giga 3, na ikishapakuliwa mara moja inatumika kwa mashine nyingi na kugawiwa bure kihalali.

Kijana hafichi kwamba si kila laptopu inaokoka. Diski ikiwa imekufa yenyewe, flashi haiwezi kitu. Ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa siri na mwenyewe haujui, mafaili hayasomeki. Kwa hiyo anawaambia wahami wote neno moja: picha za vyeti, kadi ya mpiga kura na karatasi za shule ziwekwe mahali pawili, siku mashine ingali nzima. Flashi moja ikae na baba, nyingine na mama. Siku ya kukimbia, hakuna anayejua nani atatangulia.