Gari Linapochemsha Limesimama

Nilipokuwa mtoto, gari lilichemsha mlimani. Ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa unakutana na Kitonga, na miaka ya 80 ilikuwa vigumu kuupanda mlima ule bila kuona lori au Peugeot 504 pembeni, boneti juu, utingo na ndoo yake akitafuta maji. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Injini inavuta mzigo kwa gia ndogo, mwendo ni wa kutambaa, na joto linakuwa jingi kuliko rejeta inavyoweza kulitoa. Dereva alisubiri ipoe, akajaza maji, akaendelea na safari.

Mjomba wangu alikuwa fundi Ilala, na kazi hii nimeipata mikononi mwake. Gari likiletwa kwa kuchemsha, alianza na swali moja: "Imechemsha inakwenda, au imesimama?" Hakushika spana kabla ya kujibiwa. Kama lilichemsha likiwa kwenye mwendo mkali, aliyafuata maji: rejeta iliyoziba ndani, wota pampu iliyolika mapanga, hosi ya chini inayojibana injini ikivuta. Kama lilichemsha kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka gari limesimama, na kupoa likishaondoka, aliufuata upepo. Gari likikimbia, upepo wa barabara hupita wenyewe kwenye mapezi ya rejeta. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Nimetumia vipimo vingi tangu wakati ule, na bado sijapata kinachonifikisha kwenye ugonjwa haraka kama swali lile.

Feni za enzi hizo zilizungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Mkanda ukilegea, feni inachoka. Kwenye Land Cruiser na magari mengine makubwa kulikuwa na klachi ya feni yenye mafuta mazito ya silikoni. Yakivuja, feni inazunguka kivivu, hasa injini ikiwa kwenye sailensa. Mjomba alizima injini ikiwa bado ya moto, akaisukuma feni kwa mkono. Ikiteleza yenyewe mizunguko kadhaa bila kukaza, klachi imekufa. Kipimo hicho hakikumgharimu mteja hata senti.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 fedha za kigeni ziliadimika na spea zikawa adimu. Thamostati ikikwama imefunga, hukuwa na pa kununua nyingine, na maji ya visima yalikuwa yameshajenga ukoko ndani ya injini. Fundi aliing'oa, akafunga, gari likarudi barabarani. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la busara kabisa, na siwezi kumlaumu aliyelifanya. Kinachoniuma ni kilichofuata. Biashara ililegezwa kuanzia 1984, spea zikarudi, baadaye Toyota za mtumba zikajaa, lakini ile dharura ilikuwa imeshageuka kanuni. "Thamostati ni ya nchi za baridi," vijana walifundishwa, nao wakawafundisha wengine.

Si kweli. Kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati ikifunguka hufungulia maji ya rejeta na papo hapo huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, ile njia inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka bila kuiona rejeta. Barabarani injini inapoa kupita kiasi na kompyuta inaongeza mafuta. Kwenye foleni inachemsha. Mwenye gari analipia pande zote mbili.

Na foleni ndiyo ikawa Kitonga yetu. Magari yalipoongezeka Dar es Salaam, mtu aliweza kukaa Ubungo muda mrefu kuliko aliotumia kutembea, vioo juu, AC imewashwa. Kondensa ya AC inakaa mbele ya rejeta, kwa hiyo hewa inayoifikia rejeta imeshapata moto. Feni nayo sasa ni ya umeme, na imekuja na jamaa zake: mota, rilei, fyuzi, sensa. Mmoja akiugua, feni hailii. Badala ya kumtafuta mgonjwa, mafundi wengi huunganisha feni dairekti izunguke muda wote. Halafu gari nyingi ndogo hazina tena mshale wa joto, zina taa nyekundu tu; ikiwaka, huenda hedi imeshaanza kupinda.

Kijana mmoja anayefanya teksi ya mtandao aliniletea Toyota IST iliyokuwa imeshapita kwenye mikono kadhaa. "Shikamoo fundi. Feni nzima, inazunguka muda wote. Rejeta nimebadilisha, thamostati walishatoa. Sasa wananiambia gasketi ya hedi."

"Marahaba. Inachemsha inakwenda au imesimama?"

"Imesimama. Nikipata njia tu, taa inazima."

Nilichomeka kifaa cha kusomea chini ya usukani: kwenye mwendo nyuzi 85, kwenye sailensa ikapanda kupita 105. Mapovu hayakuonekana kwenye rejeta, maji hayakupungua, oili haikuwa na rangi ya maziwa. Gasketi ilikuwa salama. Nikachukua karatasi ya gazeti nikaiweka mbele ya grili. Feni nzima huivuta karatasi ikaganda pale. Hii iliisukuma kuelekea kwangu. Aliyeunganisha dairekti alikuwa amegeuza nyaya, na feni ikawa inazunguka kinyume, ikipuliza hewa ya moto ya injini kurudi mbele. Kifaa kilisoma joto kwa usahihi, ila hakina namna ya kujua upepo unaelekea wapi.

Nilirudisha nyaya kwenye rilei kama kiwanda kilivyopanga, nikaweka thamostati mpya ya nyuzi 82 na kulanti badala ya maji ya bomba. Tukawasha injini na AC, tukaiacha kwenye sailensa juani. Feni ikawaka, AC ilipozimwa nayo ikazima baada ya muda.

"Mbona imezima?" kijana akauliza, ameshtuka.

Nikamwonyesha kifaa: nyuzi 90. Maji yameshapoa, nikamwambia, sasa inapumzika. Akaniomba tusubiri iwake tena aione, na tukasubiri.